Jinsi ya kupata pa kulaza boti Uholanzi kipindi cha joto, bila kubuku

Julai, saa moja jioni, jua la Uholanzi bado linawaka kama saa kumi ya Tanga, watoto wana njaa, injini inatoa kile kisauti usichokipenda, na we ndo unaingia bandari ya Enkhuizen kwa mara ya kwanza unakuta milingoti imesimama kama mikoko, hamna hata upenyo wa ngalawa. Hapo ndo wengi wanaanza kuzunguka katikati ya gati kama kuku anayetafuta pa kutagia, mke kashika kamba hajui aifunge wapi, na nusu ya bandari wamekaa kwenye viti vyao glasi mkononi wanakuangalia, maana kwa saa ile sinema ni wewe.

Mi nimekulia Tanga, kwetu ukifika na chombo unatia nanga au unakipandisha mchangani unaenda zako kula, habari ya kuomba nafasi nimeijulia huku. Nina kiboti cha tanga cha mita 8 na nusu, mtumba, upana mita 2 na senti 80, maskani yake ziwa la Markermeer, na miaka yote hii ya kuzunguka ziwa jirani la IJsselmeer na Waddenzee, ile bahari ya kaskazini inayojaa na kupwa, mara chache sana nimebuku, na sijawahi kulala njiani. Kuna vitu vya kujua tu, na vyote vinatoka kwenye kimoja: sehemu kubwa ya nafasi utakazolala ni za watu waliosafiri.

Yaani iko hivi. Bandari za boti ndogo huku zina wapangaji wa mwaka mzima, kila mmoja na kiboksi chake chenye namba, nguzo mbili nyuma na gati mbele. Mpangaji akisafiri zaidi ya siku moja anatakiwa amwambie havenmeester, yaani bwana bandari, na kibao chake kidogo pale kwenye gati anakigeuza kutoka chekundu kwenda kijani. Kijani, mgeni ingia. Chekundu, mwenyewe anarudi, pita. Mgeni kwa Kidachi anaitwa passant, na ukiona kibao kimeandikwa Passanten ujue gati hilo ni la wageni moja kwa moja, lakini hizo ni chache na zinajaa mapema. Kwahiyo swali la kujiuliza kabla hujang'oa nanga ni nani anaondoka leo na anaondoka saa ngapi.

Na jibu liko wazi, Wadachi ni watu wa ratiba. Chai saa mbili, mkate, wanaoga, kuanzia saa tatu mpaka saa sita mchana wanatoka. Basi we ingia kati ya saa sita na saa tisa, wa jana wametoka, wa leo hawajafika, bwana bandari bado ana uso wa kucheka. Kuanzia saa kumi na moja jioni mnaanza kugombania mabaki. Mi napiga hesabu kwa kurudi nyuma, nataka kufika saa nane, basi natoka saa ngapi. Enkhuizen mpaka Stavoren ni kama maili 10 za baharini, kwa kiboti changu na upepo mzuri ni masaa mawili na kitu, rahisi. Ila kama unatokea upande wa Markermeer kuna sluis katikati, lile lango la maji ambako mnafungiwa ndani boti nyingi kwa pamoja mpaka maji yalingane na upande wa pili, liko pale pale Enkhuizen na lingine Lelystad, na Jumamosi ya Julai foleni ya sluis inakula saa zima kama daladala la Mbagala. Hilo saa liweke kwenye hesabu mapema, wengi wanalisahau.

Halafu siku. Ijumaa jioni na Jumamosi ni balaa, Jumatatu mpaka Alhamisi raha mustarehe. Wikendi mbili za kuziogopa kuliko zote ni ile ya kupaa Bwana Yesu, wao wanaita Hemelvaart, na ile ya Pentekoste, Pinksteren, zote zinaangukia Mei au mwanzoni mwa Juni. Hapo kila mwenye kitu kinachoelea anataka kukitoa baada ya kukaa kibaridi miezi sita. Shule zao zinafunga wiki 6 lakini nchi imegawanywa mikoa mitatu, kaskazini, kati na kusini, kila mmoja unaanza tarehe yake, kwahiyo angalia kalenda ya mwaka husika uone wiki zipi wote wamefunga pamoja, hizo ukiweza kaa nyumbani ukate majani. Septemba ndo mwezi wangu. Maji bado yana joto, watoto wa watu wameenda shule, na vibao vya kijani vimejaa kama shamba la mpunga.

Sasa kupiga simu. Saa moja hivi kabla ya kufika, piga. Bandari nyingi zina namba ya simu kwenye tovuti zao, na kwenye redio ya VHF chaneli ya bandari za boti ndogo Uholanzi ni 31. Redio inataka uwe na cheti chake, simu haitaki cheti, mi naanza na simu. Na usianze kujieleza umetoka wapi na unaenda wapi, bwana bandari anataka namba. Urefu, upana, unalala siku ngapi. Kariri hii hata kama Kidachi chako ni cha sokoni: "Goedemiddag, heeft u een plek voor één nacht? Acht en een halve meter lang, twee meter tachtig breed." Maana yake habari za mchana, unayo nafasi ya usiku mmoja, mita 8 na nusu urefu, 2 na senti 80 upana. Watu wanakazania urefu na kumbe kinachokukwamisha ni upana, urefu unaweza ukazidi kidogo kwa nyuma ikawa sawa lakini nguzo haisogei. Kama boti yako inakwenda chini sana sema na kina, maana IJsselmeer lenyewe ni kama mita 4 au 5 tu sehemu nyingi na pembeni mwa bandari kunakuwa kufupi zaidi.

Atakachokujibu mara nyingi ni kwamba habuku ila njoo tutaona. Usiogope hilo jibu, hilo ni jibu zuri. Baya ni neno moja, vol. Vol ni imejaa.

Kuhusu apu: zipo. Navily inasaidia kusoma wenzako wamesemaje kuhusu upepo na vyoo, ramani za maji za ANWB, chama cha wasafiri na wenye magari wa huku, zinakuonyesha kila bandari na kila daraja, na kuna bandari siku hizi unabuku onlaini kama hoteli. Mi kwa boti ndogo sizipendi za kubuku, maana ukishalipia Medemblik ya Alhamisi unajikuta unapambana na upepo mkali wa kusini magharibi, nguvu 6, kwenye maji mafupi yenye mawimbi yanayofuatana kama ngazi, eti kwa sababu umeshalipa. Ziwa lile lilikuwa bahari kabisa mpaka 1932 walipolifunga kwa tuta la Afsluitdijk, na upepo ukivuma linajikumbuka. Ila kama boti yako ni mita 12 kwenda juu, au ni katamarani, lile boti pana la viwiliwili viwili vilivyounganishwa, au umembeba mama mkwe, buku. Katamarani haingii kwenye kiboksi, mwisho wa hadithi.

Umeingia mdomo wa bandari. Punguza mwendo mpaka unaona aibu. Tafuta gati lililoandikwa melden, yaani ripoti hapa, mara nyingi liko karibu na ofisi, hapo ndo mgeni anafunga dakika kumi aende kuuliza. Kama hulioni au limejaa, ndo unapita polepole katikati ya mistari unasoma vibao, na hapa macho mawili hayatoshi, mtu mmoja asimame omo, mbele ya chombo, asome vibao na mwenye usukani aangalie nguzo. Kijani chenye tarehe maana yake nafasi iko wazi mpaka siku hiyo. Na kuna kitu kingine hakimo kwenye vitabu: angalia kamba. Mpangaji akitoka kwa mzunguko wa mchana tu anaacha kamba zake zimening'inia kwenye nguzo zikimsubiri. Kiboksi chenye kibao cha kijani lakini kamba nne nzuri zimetundikwa kwa mpangilio, we tilia shaka, mwenyewe anaweza kuwa amesahau kugeuza, au yuko nyuma yako.

Mi yamenikuta. Bandari moja sitaitaja, nimefika saa moja usiku, kijani, nikaingia, nikafunga, tukapika wali na maharage ya kopo, nikaenda kuoga. Saa tatu na nusu nasikia mtu anagonga ubavuni mwa boti, ko ko ko, kwa adabu kabisa. Mzee na mkewe na mbwa kwenye boti lao, wanaelea pale nyuma ya nguzo wananisubiri nitoke kwenye kitanda chao. Kibao alisahau yeye, ila nafasi ni yake, huna hoja. Nikatoka na taulo. Usiku ule nililala ubavuni mwa boti la kazi la bandari, na kibaya zaidi nilikuwa sijaenda ofisini, kwahiyo hata wa kunitetea sikuwa naye. Tangu siku ile nikishafunga tu, kabla hata ya kuzima jiko, naenda kumwambia bwana bandari niko namba fulani, na namuuliza mpaka lini. Akishaandika kwenye daftari lake hata mwenyewe akirudi, tatizo linakuwa la daftari.

Kuingia kwenye kiboksi ni somo lenyewe. Kwanza toa dafrao, yale maputo ya mpira ya ubavuni, yote, yapandishe juu mpaka umeshapita nguzo. Najua roho inakuambia uyashushe maana unaogopa kukwaruza. Mwaka wangu wa kwanza niliyashusha, kiboksi kilikuwa na upana wa mita 3, boti 2 na senti 80, piga hesabu mwenyewe, puto moja kushoto moja kulia, chombo kikakwama katikati ya nguzo kama kizibo kwenye chupa na injini inasukuma. Shemeji yangu alikuwa amekuja kututembelea, mvuvi yule wa miaka, kasimama omo mikono kiunoni, ananiambia, "Shemeji, kwani chombo umekivisha makoti ya nini?" Ikabidi nitoboe puto moja. Kwa kisu.

Basi, maputo juu. Kamba za tezi, yaani za nyuma ya chombo, ziwe mbili, ndefu, kila moja ina kitanzi kikubwa mkononi tayari. Unapopita nguzo, anza na ile ya upande upepo unakotoka, joshi, vika kitanzi juu ya nguzo, legeza taratibu chombo kikiendelea kwenda mbele, halafu vika ya pili kama unaifikia, usipoifikia iache utaifunga baadaye. Ile ya joshi ndo inayokuokoa, ukiikosa upepo unakubeba unakwenda kumlalia jirani. Mtu wa omo anashuka gatini na kamba, anashuka jamani, asiruke. Miguu inavunjikia hapo. Na ukishaona unaingia vibaya, rudi nyuma utoke uanze upya, hakuna faini ya kujaribu mara mbili, na wale wenye glasi mkononi ndo watakaokuja kukupokea kamba.

Ikiwa imejaa kweli, kuna kufungana ubavuni, boti kwa boti, na bandari za mjini kama Binnenhaven ya Hoorn hiyo ndo desturi. Unakuta chombo chenye ukubwa wa kwako au zaidi, unapiga hodi, unauliza kama unaweza kulala ubavuni, atakubali, mara chache sana mtu anakataa. Adabu zake ni hizi: maputo ya kwako yashuke, kamba zako mbili ziende mpaka gatini usimwachie mwenzio abebe uzito wako, na ukitaka kushuka pita kwa mbele, upande wa omo, usipite kwenye kiti chake anapokunywa chai, tena vua viatu vyenye mchanga. Muulize anatoka saa ngapi asubuhi. Akisema saa kumi na mbili, basi na wewe unaamka saa kumi na moja na nusu, ndo bei yenyewe. Amsterdam kuna Sixhaven, ng'ambo tu ya stesheni kuu, unapanda pantoni ya bure unaingia mjini, na ni maarufu miaka mingi kwa jinsi boti zinavyobananishwa mle ndani kama dagaa, ukiwa ndani kabisa hutoki mpaka waliokuzibia watoke. Mi naipenda, ila siingii kama kesho yake nina kazi. Vlieland, kile kisiwa cha Waddenzee, nako siku za pilikapilika wanafika mahali wanafunga kabisa, kwahiyo kule piga simu kabla hujatoka bara, maana ukirudishwa mlangoni mkondo wa maji unaweza usikuruhusu kwenda kwingine mpaka maji yageuke.

Malipo hayana mengi. Wanatoza kwa mita ya urefu, juu yake kuna kodi ya utalii kwa kila kichwa kwa usiku, mimi na mke wangu kwa kawaida tunaacha kati ya euro 20 na 30. Ofisi ikiwa imefungwa kuna mashine ya kadi, inatoa stika unaibandika pale inapoonekana toka gatini. Umeme plagi ni ile ya bluu ya matundu matatu, beba waya wa mita 25 maana soketi siku zote iko mbali, na usiwashe birika na hita kwa pamoja, utawazimia na majirani. Shawa kwingine imo kwenye bei, kwingine unaweka sarafu, maji yanakata ukiwa na povu kichwani. Uchafu wa choo kumwaga majini ni marufuku kwa boti za starehe tangu 2009, uliza pampu ya kunyonya tenki iko wapi, zipo.

Na kama umechoka kulipa, nenda mkoa wa Friesland. Vuka Stavoren au Lemmer uingie kwenye yale maziwa na mifereji, kuna sehemu za kufunga boti porini zinazotunzwa na Marrekrite, shirika la mkoa huo, ni bure, unaruhusiwa siku 3 mfululizo mahali pamoja halafu uhame. Hamna umeme hamna shawa, kuna gati la mbao, ng'ombe na giza zuri. Watu wa heshima wananunua kibendera chao cha mwaka kuchangia, nunua na wewe. Nako saa nane mchana ni saa nane mchana, wakati wa likizo vinajaa vile vile.

Cha mwisho kwa wenye mikuku miwili, ile miti ya chini ya chombo, au chombo cha chini bapa: Waddenzee unaweza kulala pale pale kwenye tope. Maji yanakupwa, chombo kinakaa wima, unashuka unatembea, unasubiri yajae. Shemeji tulipompeleka alicheka mpaka akakaa chini, kumbe safari yote hii ya ndege kaja kuona vyombo vimelala pwani kama nyumbani. Chagua mchanga mgumu, angalia ramani maana kuna maeneo yaliyofungwa kwa ajili ya ndege na sili, na kabla maji hayajaisha yote pima kwa fimbo kama chini hakuna jiwe wala mteremko. Halafu kumbuka bamvua, zile siku maji yanapojaa juu kuliko kawaida. Ukipanda juu kabisa siku ya bamvua la kilele, maji ya siku zinazofuata yanakuwa mafupi kila siku, hayakufikii, na utakaa hapo juu ya mchanga siku kumi na kitu unakula maharage ya kopo mpaka bamvua jingine lije likubebe.